Aliyeachwa Machungani



Tumeombwa tuseme neno kuhusu Mungu na viongozi anaowainua. Twende Bethlehemu, nyumbani kwa Yese, katika 1 Samweli 16.

Samweli alikuwa bado anamlilia Sauli. Tusisahau kwamba Sauli naye alichaguliwa na Mungu. Kura ilimwangukia kule Mispa, akatafutwa asionekane, kumbe amejificha kwenye mizigo. (Hata sisi hufanya hivyo mwalimu anapotafuta wa kuimba peke yake.) Lakini Sauli aliacha kutii, na Mungu akamwambia nabii ajaze pembe yake mafuta, aende kwa Yese.

Akaja Eliabu, mzaliwa wa kwanza, mrefu wa kimo. Nabii akadhani kazi imekwisha. Huyu ni Samweli, aliyeijua sauti ya Mungu tangu utotoni, naye akakosea! Wana saba wakapita, asikubaliwe hata mmoja. Alipouliza kama vijana wote wamekuja, ndipo Yese akasema yuko mdogo, anachunga kondoo. Baba mzazi hakuona haja hata ya kumwita.

Hapo tunakumbuka mwaka tuliokosana. Tulifanya uchaguzi, upande mmoja ukashinda, upande wa pili ukarudisha sare. Jumapili iliyofuata besi walikuwa wawili. Tulioshinda tulisema Mungu ndiye amechagua. Tulioshindwa tulisema kura zilipangwa. Ukweli ni kwamba kila upande ulikuwa na mtu wake hata kabla hatujaomba. Ilituchukua karibu mwaka mzima kuimba pamoja tena, na wengine hawajarudi mpaka leo.

Daudi alipopakwa mafuta hakuhamia ikulu. Alirudi kwa kondoo. Mlango wa ikulu ulikuja kufunguliwa na kinubi: Sauli alisumbuliwa na roho mbaya, akatafutiwa mpigaji hodari. Basi mfalme ajaye akaingia kama mwanamuziki, kumtumikia mfalme aliyepo. Sisi wanakwaya tunaipenda sana sehemu hiyo, ila iliyo ngumu iko mbele. Kule Engedi, Sauli aliingia katika pango bila kujua ni nani waliomo, na watu wa Daudi wakamwambia siku yenyewe ndiyo hii. Daudi alikata upindo wa vazi tu, na hata kwa hilo moyo ukamchoma. Ahadi alikuwa nayo, na silaha mkononi, lakini akakataa kumharakisha Mungu kwa njia ile. Alikuwa na miaka 30 alipoanza kutawala, tena Hebroni kwanza, miaka 7 na miezi 6, ndipo Yerusalemu.

Kuna kosa lingine. Tunaposema Mungu ndiye humweka kiongozi, mara nyingine tunamaanisha, "Nyamazeni." Mtu akiuliza pesa za sare zilienda wapi, anaambiwa asimguse mpakwa mafuta. Nathani hakunyamaza hivyo. Daudi alipomchukua mke wa Uria na kumwua mumewe, nabii alimwendea akamwambia usoni kwamba mwenye hatia ni yeye. Na mfalme aliyewekwa na Mungu akakiri.

Uchaguzi wetu ni mwezi ujao. Tumekubaliana kwamba hakutakuwa na kampeni kwenye kundi la WhatsApp, hesabu zitasomwa kabla ya kura, na tutaomba kabla ya jina lolote kutajwa.

Wenzetu walioondoka mwaka ule tumewapelekea mwaliko wa leo, nyumba kwa nyumba. Sare zao zimefuliwa na kupigwa pasi, ziko kwenye kabati la kwaya. Kama mmoja wenu ameketi hapa, ndugu yetu, dada yetu, mazoezi ni Jumamosi saa nane, na besi bado hawatoshi.