Hotuba ya Mwenyekiti: Mbegu na Udongo



Miaka kumi tumeweka akiba ya fedha. Leo tuseme ya uhai. Mwaka 1889 daktari Stephen Paget wa London aliandika kuwa saratani ni kama mbegu, huota penye udongo unaoifaa. Ya titi hupenda mfupa. Chembe zake husafiri kwa damu, hujificha kwenye uboho, pengine miaka mingi. Zikiamka huchochea mfupa uliwe, na mfupa ukiliwa hutoa rutuba ya kuzikuza.

Basi mwenzetu aliyewahi kutibiwa titi, mgongo au nyonga ikimwuma bila kupoa, asisingizie jembe. Arudi hospitali mapema, dawa za kukaza mfupa zipo. Nauli itatoka mfuko wetu.