Mwalimu wa murumba alipwe kama mwalimu
Neno la komite kwenye mkutano wa wanachama, Mambasa



Leo tunaongea juu ya atelie yetu ya murumba, ile nguo ya ganda la mti. Wengi wetu tulikimbia mwisho wa mwaka 2002, vita vilipofika Mambasa, tukafuata njia ya Beni. Wambuti nao walitoka porini, wakakimbia kama sisi. Watoto waliokulia ukimbizini walirudi bila kujua murumba ni kitu gani.

Kazi yenyewe mmeiona. Wababa wanachuna ganda, wanatoa ngozi ya juu, lile la ndani wanalilowesha, wanaligonga na nyundo mpaka linapanuka na kulainika. Kisha wamama Wambuti wanachora kwa kidole ao kijiti. Rangi nyeusi wanaipata kwa maji ya tunda la gadenia na makaa ya kusaga. Mistari inaanza, inakatika, inageuka. Kila mama ana mkono wake. Zamani watu walijifunga nguo hiyo kiunoni, na mtoto mchanga walimfunika nayo.

Sasa tuseme wazi. Murumba za Ituri ziko kwenye nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, lakini mara nyingi jina la mama aliyechora haliandikwi. Na hapa kwetu, kuna Wambuti wanaolimia watu shamba na kulipwa chumvi, nguo kuukuu ao kikombe cha pombe. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za watu hawa wa asili katika Kongo nzima. Lakini ikibaki kwenye makaratasi ya Kinshasa, itamsaidia nani? Tuianzie kwenye kasha letu.

Komite inaomba mambo mawili. Kwanza, mama anayefundisha murumba apewe feza mkononi, siku ileile, sawa na mwalimu wetu wa kushona. Pili, jina lake liandikwe kwenye kila nguo tunayouza, kama yeye mwenyewe anakubali.

Wafazili, mkitusaidia, feza ya kwanza iwe ya walimu; mabango na fulana vitangoja. Wanachama, anayekubali anyanyue mkono.