Zamioculcas: Jina la Mmea wa Kwetu Lililoundwa Ugenini

Katika ofisi na sebule za mijini, kwenye pembe ambako jua halifiki moja kwa moja, huwekwa mmea wa majani mazito yanayong'aa, yaliyopangwa juu ya vikonyo vinene kama unyoya. Wauza miche huutaja kwa herufi mbili tu, ZZ. Kwa kuwa wazalishaji wa Uholanzi ndio walioanza kuukuza kwa wingi kibiashara mnamo mwaka 1996, si ajabu mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam akaudhani kuwa mgeni. Ilhali asili yake ni huku huku: Kenya, Tanzania pamoja na Zanzibar, Msumbiji, hadi KwaZulu-Natal.

Herufi hizo ni ufupisho wa Zamioculcas zamiifolia. Loddiges aliueleza mmea huu mwaka 1829 akiuweka katika jenasi ya Caladium; Schott akauundia jenasi yake mwaka 1856; Engler akaliweka jina linalotumika hadi leo mwaka 1905. Sehemu ya pili ina maana ya "wenye majani ya zamia", na zamia ni mimea ya Amerika isiyo na udugu wowote na huu. Neno zamia lenyewe lilizaliwa na kosa la usomaji. Plinio wa Roma aliandika azaniae kuhusu matunda ya msonobari yanayopasuka yakiwa bado mtini, neno linalohusishwa na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kukauka. Nakala zikapotoka, na Linnaeus akalichukua umbo lililopotoka.

Hapa mwanafunzi wa historia ya pwani hushtuka, maana Azania ndilo jina ambalo Wagiriki waliipa pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya kwanza. Je, mmea wa Azania umebeba Azania ndani ya jina lake bila mtu kujua? La. Huo ni mfanano wa sauti tu, na etimolojia tamu ya namna hiyo ndiyo inayopaswa kutiliwa shaka kwanza.

Sehemu ya culcas inatugusa kwa karibu zaidi. Hiyo ni qulqas ya Kiarabu, ndugu wa kolokasia ya Kigiriki, yaani jimbi. Kiswahili, pamoja na wingi wa maneno kilichokopa kutoka Kiarabu, hakikulichukua hili. Kikabaki na jimbi na gimbi, na Kenya bara ikazoea nduma. Udugu wa mimea hii miwili ni wa kweli, kwani yote ni ya familia moja, na yote ina fuwele za kalsiamu oksaleti. Kila aliyekula jimbi lisiloiva anajua jinsi koo linavyowasha. Tofauti ni kwamba jimbi likipikwa vyema huliwa, ilhali ZZ si chakula. Kwa hiyo mwanaistilahi atakayependekeza "jimbi la nyumbani" kwa kufuata culcas atakuwa ameweka sumu ndani ya kamusi.

Kuita kitu kipya kwa jina la kilichozoeleka si dhambi. Mpera umetokana na neno la Kireno la tunda jingine kabisa, pea, na hakuna anayelalamika. Mkonge ni kisa kizito zaidi. Kabla ya katani ya Mexico kuletwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1893, jina hilo lilikuwa la mimea ya kienyeji yenye nyuzi, jamii ya Sansevieria. Mgeni alipoenea mashambani alilitwaa, na leo Sansevieria, ambayo nayo ni pambo la vyumba visivyo na mwanga mwingi, hukaa kwenye chungu chake bila jina lililokuwa lake.

Njia nyingine ni utohozi. Kiswahili kiliweza kupata mkaratusi kutoka Eucalyptus, na umbo hilo limekaa vizuri katika ngeli ya M-/MI-. Lakini ZZ? Kwa matamshi ya Kiingereza cha Afrika Mashariki tungepata zedizedi. Kwa matamshi ya Kimarekani, zizi, ambalo tayari ni boma la mifugo. Likiongezwa kiambishi cha mimea huwa mzizi! Kichekesho ni kwamba lisingekuwa jina baya kimaana, kwani uhai wa mmea huu umo katika shina nene lililo chini ya udongo, linalohifadhi maji na kuuwezesha kuvumilia ukame. Tatizo ni kwamba mizizi yake yenyewe isingekuwa na pa kwenda.

Wafanyabiashara hawakusubiri wanaisimu. China huuzwa kama mti wa fedha; Ujerumani, unyoya wa bahati. Majina hayo yanauza matumaini, na yakitafsiriwa tu yatatufikia yakiwa yamekwisha kukaza mizizi.

Kabla ya kamati yoyote ya istilahi kukaa mezani, basi, kuna kazi ya miguu. Mtafiti achukue tawi la mmea huu alipeleke kwa wazee na waganga wa pwani na nyanda za nyuma yake, kwa wasemaji wa Kidigo, Kibondei na Kizaramo. Asiulize "huu unaitwaje kwa Kiswahili?" kwani swali hilo huzaa tafsiri ya papo kwa papo. Aulize unaota wapi, unatumiwa kwa nini, mifugo huuogopa au la, na aliyemfundisha mzee huyo alikuwa nani. Jina litatajwa katikati ya maelezo, pengine mara moja tu, na hapo ndipo kalamu iwe tayari.