Utitiri wa Kuku Ni Kazi ya Seremala



Anayepewa jukwaa la chuo kikuu kama hili hutarajiwa kusimulia safari yake ya kitaaluma, kuanzia shahada ya kwanza hadi joho. Mniwie radhi. Mimi nimekuja kugombana. Katika warsha moja ya ufugaji, msomi mwenzetu ambaye jina lake nitalisitiri alisimama akasema kwamba utitiri wa kuku hauna haja ya utafiti. “Ni uchafu tu,” alisema. “Mfugaji akifagia banda, utitiri unakwisha.” Ukumbi ukampigia makofi. Makofi hayo ndiyo yaliyonikera zaidi, maana waliopiga wengi wao nimewafundisha mimi.

Habari za msingi mnazijua. Utitiri mwekundu, *Dermanyssus gallinae*, ulielezwa na Charles De Geer wa Uswidi mwaka 1778, na hatua zake za kukua, tangu yai, lava na nimfu mbili hadi kupevuka, zimo katika vitabu vya mwaka wa pili, sitazirudia. Nitakumbusha mambo mawili tu. Kwanza, penye joto la kutosha mzunguko wote hukamilika kwa muda wa kama wiki moja. Pili, utitiri huu hauishi juu ya kuku. Humfuata usiku, ukanyonya damu kwa muda usiozidi saa moja hivi, kisha ukarudi ulikotoka.

Na ulikotoka ni wapi? Hapo ndipo hoja ya ufagio inapoanza kupwaya. Haukutoka kwenye kinyesi kilichoko sakafuni. Ulitoka kwenye mwanya wa ubao na ubao, kwenye tundu la msumari, chini ya fito pale inapogusana na ukuta, ndani ya fundo la kamba iliyofungia kiota. Asiyeamini na aingie bandani mchana, achungulie ncha za fito wanazolalia kuku. Ataona vumbi la madoa meupe na meusi, kama chumvi iliyochanganyika na pilipili manga. Kisha arudi usiku na kurunzi, apitishe karatasi nyeupe upande wa chini wa fito ileile. Karatasi itatoka na michirizi myekundu: hiyo ni damu ya kuku wake. Sakafu chini ya fito hiyo yaweza kuwa imefagiwa asubuhi na jioni.

Tuiendeleze hoja ya mwenzetu hadi mwisho wake tuone inatufikisha wapi. Kama utitiri ni uchafu, basi penye usafi usiwepo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 katika jarida la *Parasites & Vectors* yalikadiria kuwa karibu asilimia 83 ya mashamba ya kuku barani Ulaya yana utitiri huu. Hayo ni mashamba yenye madaktari wa mifugo, wakaguzi, mashine za kuosha kwa shinikizo la maji na wafanyakazi wanaobadili viatu mlangoni. Je, nao ni wachafu? Si hivyo tu. Januari 2012 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vitupu vya zamani vya kuku wa mayai. Kuku wakapewa fito za kulalia, viota na nafasi ya kuparura. Mimi naiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote. Lakini kila fito na kila kiota vilileta maungio mapya, na maungio ni makazi. Ustawi wa kuku uliongezeka, na utitiri nao ukapata nyumba bora. Uchafu hauwezi kueleza jambo hilo. Useremala unaweza.

Kuna ubaya mwingine katika hoja hii ya uchafu, nao si wa kisayansi. Kuku wa nyumbani katika nchi yetu wanatunzwa hasa na akina mama. Ukisema utitiri ni uchafu, umeshamtaja mchafu ni nani. Marehemu mama yangu alifuga kuku wa kienyeji huko Kilosa, na banda lake alilifagia kila alfajiri kabla ya kwenda shamba. Kuna mwaka kuku wake aliyekuwa akiatamia aliyasusa mayai yakiwa yamekaribia kuanguliwa. Upanga wake ulikuwa umefifia ukawa mweupe, na aliyemshika alitoka na vidudu hadi kwenye viwiko. Bwana mifugo mmoja akaitwa, akasimama mlangoni bila kuinama, akasema, “Mama, usafi.” Mama hakumjibu. Alilichoma moto tenga la kiota. Kuku wa pili alimlalisha ndani ya chungu kibovu chenye mchanga mkavu na majivu, na vifaranga wakatoka. Watu walisema ni majivu. Mimi nasema ni chungu: hakina ubao, hakina msumari, hakina fundo. Utitiri ulikosa pa kushinda mchana.

Sasa niruhusuni nikae kidogo na makala ninayoipenda kuliko zote, ingawa wanafunzi wangu hunicheka nikiitaja. Mwaka 1999 Nordenfors, Höglund na Uggla, watafiti wa Uswidi, walichapisha katika *Journal of Medical Entomology* kazi kuhusu athari za joto na unyevu katika utagaji, ukuaji na uhai wa utitiri huu. Walichofanya ni rahisi kukisimulia na kigumu kukitenda: waliuweka katika viwango mbalimbali vya joto na unyevu, wakasubiri. Hawakuwa na mtambo wa kutisha. Walikuwa na subira, na subira yao ikatupa matokeo mawili ninayotamani yabandikwe kwenye mlango wa kila banda.

Tokeo la kwanza: hali ikiwa nzuri kwake, utitiri unaweza kuishi hadi miezi tisa bila kunywa damu. Fikirini maana yake. Mfugaji anauza kuku wote, analiacha banda wazi msimu mzima, kisha ananunua vifaranga akiamini ameanza upya. Wenyeji wa banda walikuwa ukutani wakimngoja.

Tokeo la pili: joto la zaidi ya nyuzi 45 liliua. Maji yanayochemka ni zaidi ya maradufu ya hapo. Hata Njombe, ambako kwa sababu ya mwinuko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, bado yanazidi sana. Kwa hiyo sumu kali kuliko zote iko jikoni, ndani ya sufuria, na haina usugu.

Nitaulizwa: na dawa? Nizipime kwa haki. Dawa za unga za jamii ya pairethroidi zimesaidia wengi, lakini usugu dhidi yake umeripotiwa katika nchi nyingi. Fluralaner, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2017, ni dawa nzuri kwelikweli: kuku huinywa katika maji mara mbili kwa nafasi ya siku saba, na utitiri hufa unaponyonya. Lakini kipimo hufuata uzito wa kuku, naye kuku wa kienyeji hunywa mtaroni na kwenye ndoo ya jirani. Mwaka huohuo wa 2017 mamilioni ya mayai yaliondolewa sokoni Uholanzi, Ubelgiji na kwingineko, kwa sababu mabanda yalikuwa yamepuliziwa dawa yenye fiproni, isiyoruhusiwa kwa wanyama wa chakula. Kilichokuwa kikitibiwa ni utitiri huuhuu. Unga wa diatomaiti, unaochimbwa Kariandusi nchini Kenya, huukausha utitiri kwa kuharibu nta ya ngozi yake. Naupenda, ila unyevu wa masika huupunguzia makali.

Vyote hivyo vina nafasi yake, nami nimeviandika katika mihtasari ya kozi zangu. Hata hivyo bado nasimama palepale. Dawa hupambana na utitiri uliopo. Seremala huunyima pa kukaa. Fito iwe imerandwa ikalainika, isigongelewe misumari, ikae juu ya miguu yenye panda zilizo wazi juu ili mtoto aweze kuinyanyua. Isiguse ukuta. Miguu yake isimame ndani ya makopo yenye oili chafu. Ukuta ukandikwe na upakwe chokaa hadi nyufa zizibike. Kila wiki fito itolewe nje, imwagiwe maji ya moto kwenye ncha, ianikwe juani.

Nahitimisha kwa ombi rasmi kwa Seneti. Mwanafunzi wetu anahitimu akijua majina ya viuadudu vya kila aina, na hajui kushika randa. Naomba useremala wa banda uingizwe katika mtaala wa sayansi ya wanyama, na mtihani wa vitendo wa mwaka wa tatu uwe huu: apewe mbao, msumeno na siku moja, ajenge fito za kuku ishirini bila msumari hata mmoja. Msahihishaji apitishe ukucha katika kila maungio. Ukucha ukiingia, mtahiniwa arudie.