Muziki wa Nyumbani na Usingizi wa Jirani



Mpakani mwa Kenya na Uganda iko miji miwili yenye jina moja. Upande mmoja ni Busia ya Kenya, upande wa pili ni Busia ya Uganda, na saa zao hazitofautiani hata dakika. Hebu tuwachukulie watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, ambao kila mmoja amefungulia muziki nyumbani kwake saa tatu ya usiku, kwa sauti iliyo sawasawa. Kwa mujibu wa kanuni za kelele ambazo Uganda ilizitunga mwaka 2003, saa hiyo ilihesabiwa kuwa bado ni mchana, kwa sababu usiku wa kanuni hizo ulianza saa nne. Kwa mujibu wa kanuni za Kenya za mwaka 2009, usiku ulikuwa umekwisha kuingia tangu saa mbili. Katika mtaa wa makazi, yule wa Uganda aliwekewa kikomo cha desibeli 50. Yule wa Kenya aliwekewa 35.

Je, masikio ya watu wa Kenya ni mepesi kuliko ya jirani zao? La hasha. Wakati wa kulala umepangwa na wanadamu, na kila nchi imeupanga kwa kadiri ilivyoona inafaa. Lakini lipo jambo moja ambalo nchi hizo mbili zilikubaliana. Usiku wa manane, katika mtaa wa makazi, kanuni hizo ziliweka kikomo cha desibeli 35 huku na huku.

Yafaa kueleza kipimo hicho ni kitu gani. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, nacho hakihesabiwi kama kilo za unga. Sauti ikipanda kwa desibeli 10, nguvu yake huwa imeongezeka mara 10. Basi tofauti ya 35 na 50, ambayo kwenye karatasi yaonekana ndogo, ni tofauti ya nguvu zaidi ya mara 30. Watu wawili wanaozungumza kwa kawaida wakiwa wamekaribiana hufikia kama desibeli 60. Kwa hiyo 35 si mbali sana na mnong'ono. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kwamba sauti inayoendelea ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, ili mtu apate usingizi unaostahili kuitwa usingizi.

Lakini askari anayeitwa saa saba za usiku aghalabu hana kipima sauti mkononi. Ana tochi, ana daftari, na ana masikio yake. Atawezaje kuamua? Hapa ndipo kanuni za Kenya zinapostahili kusomwa kwa makini, maana hazikuishia kwenye tarakimu. Zimeeleza pia mambo ya kuangaliwa ili kujua kama kelele imepita kiasi. Je, ni saa ngapi? Je, makazi ya watu yako karibu kiasi gani? Je, kelele hiyo hujirudia, au huja na kukoma, au haikomi kabisa? Ukubwa wake ni upi? Je, imekuzwa kwa mitambo ya umeme? Na je, ingeweza kupunguzwa bila taabu wala gharama kubwa?

Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Fundi seremala anayepiga nyundo hawezi kuipunguza nyundo yake bila kuiacha kazi. Mtoto mchanga anayelia haambiwi apunguze. Lakini mwenye redio anazungusha kitufe kwa kidole kimoja, na haimgharimu hata senti. Anayekataa kufanya jambo jepesi namna hiyo, baada ya kuombwa kwa adabu, ameonyesha nia yake mwenyewe.

Tena yafaa askari ajue kwamba kipimo nacho chaweza kudanganya. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta, lakini mdundo mzito wa besi hupenya, ukatikisa mabati na vyombo kabatini. Desibeli za kawaida zinazotajwa katika sheria hupimwa kwa namna inayoipunguzia uzito sauti nzito hiyo. Hivyo jirani anaweza kusema kitanda chake kinatetemeka, ilhali tarakimu yaonekana ya wastani. Asidhaniwe kuwa mwongo kwa sababu hiyo. Dawa yake ni askari kuingia chumbani kwa mlalamikaji, akasimama kimya dakika chache, akasikiliza kwa masikio yake.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliweka udhibiti wa kelele miongoni mwa kazi za kaunti. Mwezi Novemba mwaka 2022, Kaunti ya Nairobi ilifuta leseni za vilabu vya usiku vilivyokuwa katika maeneo ya makazi. Hiyo ni hatua inayoonekana, kwa sababu klabu ina leseni na leseni hufutwa. Lakini nyumba ya mtu haina leseni. Kwa hiyo penye muziki wa nyumbani hapana la kufuta. Yabaki sheria, ujirani, na busara ya askari aliyesimama mlangoni.

Mlangoni hapo yako makosa matatu. La kwanza ni kupuuza, kumwambia mlalamikaji kwamba muziki si wizi. La pili ni kuonea, kuichukua redio ya mtu maskini bila hati, au kuligeuza shauri la kelele kuwa shauri la pesa. La tatu, ambalo wengi hawalitambui, ni kumtaja aliyelalamika. Askari ataondoka na gari lake. Mlalamikaji atabaki na jirani yule yule, ukuta ule ule na kisima kile kile. Siku ya pili watoto hawasalimiani, na baada ya juma moja kituo kina kesi ya kupigana badala ya kesi ya redio.

Haya yasidhaniwe kuwa ni ya majirani peke yao. Tanzania nayo ilitunga kanuni zake za viwango vya kelele mwaka 2015. Tena wako watu ambao jambo hili lawagusa kuliko wengine, nao ni askari wenyewe. Sheria hulinda zaidi usingizi wa usiku. Lakini mlinzi aliyekesha lindoni hulala mchana, wakati ambapo kota nzima imeamka na kila dirisha lina wimbo wake. Jioni atarudi zamu na bunduki begani, macho mekundu na subira fupi. Kosa la mtu mwenye silaha ambaye hakulala si dogo kama kosa la karani. Mwenzake anayepunguza redio saa nne za asubuhi anasaidia ulinzi, ijapokuwa hakuna atakayemwandikia sifa.

Na liko jambo gumu zaidi. Raia akifungulia muziki kupita kiasi, jirani yake aweza kwenda kituoni. Je, mwenye muziki akiwa ndiye ofisa wa kituo, jirani aende wapi? Mtaa utanyamaza, na ofisa atadhani kimya hicho ni ridhaa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hapana askari anayeweza kwenda kumwamuru mtu apunguze sauti, ilhali mtaa mzima wajua kwamba Jumamosi ya jana haukulala kwa ajili yake yeye.

Basi, kabla ya kuuliza sheria ya Nairobi au ya Kampala yasemaje, askari na aanze nyumbani kwake. Afungulie muziki aupendao, atoke nje, afunge mlango, na aende akasimame dirishani kwa jirani. Akiyasikia maneno ya wimbo mahali hapo, arudi ndani akaupunguze, pasipo kungoja kuambiwa na mtu.