Kipimo Kwanza, Orodha Baadaye

Hotuba ya mgeni rasmi katika kufunga mafunzo ya kamati za maendeleo za wadi, Malindi

  

 Nianze na vijana wa bodaboda. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli na dizeli hukatwa shilingi 25 za kutunza barabara. Kijana akijaza lita nne hapa Malindi, ametoa shilingi 100 kabla hajapata abiria. Basi anayeuliza ni barabara ipi itatengenezwa haombi sadaka. Anaulizia fedha zake.

Aulize wapi? Barabara kuu ya kutoka Mombasa kuja Malindi ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Nyingine zimo mikononi mwa mamlaka za barabara za vijijini na za mijini, KeRRA na KURA. Za kaunti, pamoja na taa za barabarani na maegesho, zimetajwa katika Jedwali la Nne la Katiba. Ombi likipelekwa ofisi isiyohusika halikataliwi. Hulala tu kwenye faili. Kwa hiyo kabla ya kuandika ombi, jueni barabara ni ya nani.

Halafu jueni wakati. Watu wetu hufurika mikutanoni mwezi wa Mei, ilhali makadirio ya bajeti huwa yameshafikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Wanabaki kubishania vijisenti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka Mpango wa Maendeleo wa Mwaka uwasilishwe kufikia tarehe 1 Septemba, miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Barabara isiyotajwa humo itapata shida kubwa kuingia katika bajeti. Kelele za Mei zihamishieni Agosti.

Sasa nije kwenye lililonileta. Kaunti ya Kilifi ina wadi 35. Njia rahisi ya kuepuka ugomvi ni kugawa fedha sawasawa: kila wadi ipate kipande chake. Wote huondoka wameridhika. Greda hupita, changarawe humwagwa, picha hupigwa. Masika ikija, maji hupita pale palipohitaji kalvati ambalo fungu la wadi moja halikulitosha. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, nasi tunalimaliza kila mwaka wa fedha.

Barabara haijui mpaka wa wadi. Njia ya kutoka hapa kwenda lango la mbuga la Sala hupita Ganda, Kakuyuni na Langobaya. Ukitengeneza Ganda ukaiacha Kakuyuni, mwenye maembe kule ndani hajasaidika. Kumbukeni Daraja la Kilifi, lililofunguliwa 1991. Kabla yake, msafiri alisubiri feri kati ya Mnarani na Kilifi. Lingepimwa kwa wakazi wa kingo zile mbili peke yao, thamani yake isingeonekana. Aliyefaidika ni mtu wa Mombasa, wa Malindi, hata wa Lamu.

Naomba basi tuandike kipimo kabla ya kuandika orodha. Mimi ningeuliza maswali manne, na kila jibu lipewe alama. Barabara hii inafikisha watu wapi: zahanati, shule, soko? Ikikatika, wana njia nyingine? Inaungana na barabara inayopitika? Na nani ataitunza baada ya mwaka wa kwanza?

Najua wasiwasi wa ndugu zangu wa Magarini na Ganze, kwamba alama zitaupendelea mji. Zitaupendelea kweli, tukihesabu magari peke yake. Ndiyo maana swali la pili lipewe uzito. Mtaa wa Malindi wenye magari mengi una njia tatu za kuzunguka. Kijiji cha ukingoni mwa Sabaki, mto ukifurika, hakina hata moja. Kwa kipimo hicho kijiji kinaweza kuushinda mji, na mtu wa mji akaelewa sababu.

Kupanga kwa pamoja si jambo geni. Huko Marekani, sheria inataka kila eneo la mji lenye watu zaidi ya 50,000 liwe na chombo cha pamoja cha kupanga usafiri, kitoe orodha ya miradi ya miaka minne mbele ya wananchi. Katika sensa ya 2019, miji ya Malindi na Kilifi kila mmoja ulizidi watu 100,000. Sisi tuna bodi za manispaa, na tuna Jumuiya ya Kaunti za Pwani yenye kaunti sita. Vyombo tunavyo. Tunachokosa ni karatasi ya alama inayobandikwa mahali pa wazi.

Waheshimiwa wawakilishi wadi, hatuwanyang'anyi kauli ya mwisho. Wananchi waliwachagua waamue. Ila mkiuruka mradi wa tatu kwa alama mkachukua wa kumi na mbili, andikeni sababu na mtie sahihi. Na wale ambao barabara zao hazikuchaguliwa wapewe alama zao, wajue warekebishe nini mwakani.

Wanakamati, Agosti i karibu. Nendeni mkaandike maombi yenu kwa kipimo hicho.

Kwa hayo machache, natangaza rasmi kwamba mafunzo haya yamefungwa.