Kutundika kinga bila kuangusha ukuta

Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa mwezi, Baraka

 

Nitaanza na kosa langu. Mwaka jana, wakati wa kutembelea nyumba, nilikuta kwa mama mmoja kinga imelala kwenye sakafu, tairi ziko ndani ya maji. Nikamuambia: "Mama, utundike hii kwenye ukuta." Akanisikia, kwa sababu nilikuwa nimevaa jileti ya shirika. Kijana wake akapigilia misumari miwili mirefu kwenye tofali bichi. Wiki tatu ikashika. Siku mvua ilipiga upande ule, tofali likalainika, misumari ikatoka pamoja na kipande cha ukuta, kinga ikaangukia mguu wa binti yake aliyelala pale chini. Mguu ulipona, lakini miezi miwili hakwenda masomo. Mimi nimesoma chuo kikuu, na sikuwahi kujiuliza tofali bichi linashika musumari namna gani.

Nikaenda kuuliza mafundi. Wakanicheka kwanza. Tofali bichi linabeba uzito unaolikandamiza toka juu. Uzito unaolivuta kwenda inje haliuwezi, na likinywa maji ndiyo basi. Kinga za mzigo, zile tunazobebea mihogo, zinafika kilo 20 hivi. Kwa hiyo uzito uende kwenye mti. Simamisha nguzo ndani ya nyumba, karibu kabisa na ukuta: chini iingie ardhini sentimeta 40, juu ifungwe kwenye mti wa paa. Ile sehemu ya chini paka mafuta machafu ya moteri. Mchwa wa huku munawajua. Ndoano inaingia kwenye nguzo, si ukutani. Tairi ya mbele ining'inie kwenye ndoano, ya nyuma ikae juu ya matofali mawili ya kuchoma, hivyo nguzo haibebi yote. Na yule anayejenga sasa aweke vipande vya mbao katikati ya matofali wakati ukuta unapanda. Misumari itapata pa kushika.

Maua na vitunguu vya majani kwenye vidumu vilivyokatwa, hiyo ni vizuri, inapendeza. Ila vitundike kwenye nguzo za baraza, mbali na ukuta, kwa sababu maji yanayodondoka kila asubuhi yanakula mguu wa ukuta polepole.

Sasa foto. Nyumba nyingi ninazoingia hazina kitu ukutani. Foto ziko kwenye mufuko, pamoja na karatasi za shule za Nyarugusu na Lugufu, na mufuko uko chini ya kitanda, tayari. Siwezi kumulaumu mutu. Sisi tulirudi kwa meli toka Kigoma 2007, na foto ya babu ilitoka kwenye mufuko 2015. Mama alikuwa anasema kitu kilichotundikwa kinasahauliwa siku ya kukimbia. Nani atamubishia?

Lakini chini ya kitanda ndipo maji inafika kwanza. 2020, na tena 2024, ziwa lilipanda mpaka ndani ya nyumba za kandokando. Karatasi hazikauki kama nguo. Basi mufuko huohuo, ufungwe vizuri ndani ya plastiki, uning'inie kwa kamba kwenye mti wa paa, karibu na mulango, mahali mukono wa mutu mukubwa unafika. Hauko chini, hauko ukutani, na siku ya mbio unavuta tu unakwenda. Foto moja au mbili zitoke. Pigilia ubao mwembamba chini ya mti wa paa, foto ishuke kwa uzi toka pale, kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na mvua. Diploma, tundika fotokopi.

Jumamosi, saa mbili ya asubuhi, tunaanza kusimamisha nguzo. Mwenye panga alete panga, mwenye mti mukavu alete mti. Tutaanzia kwa yule mama. Amekubali, ila kwa sharti moja: nyundo ishikwe na fundi, mimi nishike ngazi.